Mpira wa kifua na chupa chini ya kitanda: maswali tunayoulizwa wodini

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao wameniuliza kwa miaka niliyofanya uuguzi hapa Moshi, kuhusu mpira wa kifua, yaani bomba laini linaloingizwa kati ya mbavu kutoa maji, usaha, damu au hewa. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini kwenye korido, daktari akishaondoka. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale kitandani. Uamuzi unabaki kwa daktari anayemwona mgonjwa wako, ila ukishasoma hapa utamwelewa vizuri zaidi atakapokueleza.

Wanasema baba ana maji kwenye mapafu. Yameingiaje?

Maji hayo hayapo ndani ya pafu, yapo nje yake. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua nao kwa ndani una utando kama huo. Kati ya tando hizo mbili kuna unyevu kidogo sana, kama kijiko kimoja au viwili, unaolifanya pafu liteleze unapopumua. Mwili huutengeneza na kuunyonya mchana na usiku. Hesabu hiyo ikiharibika maji yanajaa, pafu linabanwa na kusinyaa, na mtu anaanza kuhema akipanda kilima, kisha akivaa viatu, mwishoni hata akizungumza.

Kinachoharibu hesabu kinaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, saratani, moyo uliochoka, figo au ini. Na wakati mwingine kilichojaa si maji kabisa: ni usaha, ni damu baada ya ajali ya bodaboda, au ni hewa iliyotoroka kwenye pafu lenye tundu. Kwa hiyo "maji kwenye mapafu" ni jina moja la mtaani lililobeba magonjwa mengi. Usishangae jirani yako alipona kwa vidonge na mgonjwa wako anaambiwa lazima awekewe mpira.

Nani anatosha sindano na nani lazima mpira?

Sindano ya kuvuta maji huja kwanza karibu kwa kila mtu mwenye maji, maana daktari anataka kuyaona. Rangi peke yake inaeleza mengi. Maji ya manjano kama chai ya rangi iliyokolea kidogo yanaleta wazo la kifua kikuu; yenye damu damu, bila mgonjwa kuumia popote, yanatufanya tufikirie saratani pia; mazito yenye harufu ni usaha, na hapo mjadala umekwisha, mpira unaingia siku hiyo hiyo. Mengine yanasemwa na maabara: protini, sukari, aina ya seli, na ukali wa asidi.

Mgonjwa wa moyo au figo mara nyingi hahitaji mpira. Tunatibu moyo, anakojoa, maji yanapungua. Hata maji ya kifua kikuu kwa wengi hukauka taratibu kwa dawa, na kama yalikuwa mengi kiasi cha kumnyima pumzi, yanapunguzwa kwa sindano. Mpira ni wa usaha, damu, hewa nyingi, au maji ya saratani yanayorudi kila wiki.

Kijijini wanasema ukitobolewa kifua hutoki hospitali.

Hili ndilo linaloua watu kuliko mpira wenyewe.

Nieleze linavyotokea. Mzee anapata kichomi. Wiki ya kwanza anakunywa dawa za maumivu. Ya pili anachanjwa chale ubavuni. Ya tatu mtu wa duka la dawa anampa vidonge vya antibaiotiki vya siku tano, anavinywa viwili, anapata nafuu, anavitunza vilivyobaki. Wiki ya sita analetwa amekaa wima kwenye kiti cha nyuma cha gari kwa sababu akilala anakosa hewa, na ubavu mzima umejaa usaha ulioanza kuganda kama ugali wa jana. Tunaweka mpira usiku huo. Akifariki, msibani watasema "walimtoboa". Wiki sita za nyumbani hakuna anayezihesabu.

Usaha ulioletwa mapema ni mwepesi, unatiririka wenyewe. Ulioletwa umechelewa hujigawa vyumba vyumba, mpira unafika chumba kimoja tu, na hapo mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa kufungua kifua na kuubandua utando mgumu uliolifunga pafu. Unaposikia kwamba fulani alitobolewa na hakupona, uliza alifika siku ya ngapi.

Wanauwekaje? Anapigwa usingizi?

Kwa kawaida mtu mzima anachomwa ganzi tu, yuko macho. Anakaa nusu mlalo, mkono wa upande unaouma umewekwa nyuma ya kichwa. Daktari anachagua mahali chini ya kwapa, kwenye usawa wa chuchu au juu yake kidogo, pale penye nyama chache. Akiwa na ultrasaundi anaangalia kwanza maji yalipo, na siku hizi ndivyo inavyotakiwa. Ganzi ikishakolea anachana ngozi kidogo, anapanua njia, na kupita juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mshipa wa damu na wa fahamu hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Mpira unaingia, unashonwa kwa uzi ili usichomoke, unaunganishwa na chupa.

Kuhusu maumivu sitakudanganya. Ganzi inazuia makali, lakini kuna kusukumwa, na pale mpira unapopita ndani kuna uchungu wa sekunde chache. Waombe wakuongezee ganzi kama unasikia kisu. Ni haki yako kusema. Baada ya hapo pafu likianza kufunguka mgonjwa anakohoa sana, ndugu wanaogopa, sisi tunafurahi.

Siku zinazofuata, meza dawa ya maumivu kwa saa zake. Wanaume wa huku kwetu wanapenda kuvumilia, na anayevumilia hapumui kwa kina, hakohoi, makohozi yanakaa, nimonia inaingia juu ya ugonjwa aliokuja nao.

Ile chupa ni ya nini, na kwa nini ina maji kabla hata mgonjwa hajatoa kitu?

Ukiielewa chupa umeelewa kila kitu.

Ndani ya kifua, kati ya zile tando mbili, kuna mvuto unaolishikilia pafu lisisinyae. Ukiacha tundu wazi, mgonjwa akivuta pumzi hewa ya nje inaingia kwa tundu hilo na pafu linajikunja. Tunahitaji mlango wa kutokea tu. Maji ndiyo huo mlango. Bomba la ndani ya chupa linazama kama sentimita 2 kwenye maji safi. Hewa, damu au usaha vikisukumwa kutoka kifuani vinatoka chini ya bomba. Mgonjwa anapovuta pumzi, kinachoweza kupanda kwenye bomba ni maji tu, nayo yanapanda kidogo na kurudi. Mjerumani Gotthard Bülau aliitumia njia hii miaka ya 1870 kwa wagonjwa wa usaha, na hadi leo kanuni ni ile ile, iwe chupa ya kioo au sanduku la plastiki lenye vyumba vitatu.

Ndiyo maana tunarudia kama kasuku: chupa ikae chini ya kifua, wima. Ukiinyanyua juu ya kitanda, maji machafu yanarudi kifuani. Ukiiangusha, bomba linatoka kwenye maji na mlango unabaki wazi.

Maji kwenye bomba yanapanda na kushuka. Ni kawaida?

Ni kawaida, na tunayatafuta kwa macho kila tukipita. Yanacheza na pumzi. Yakiacha kucheza kuna mambo mawili: pafu limefunguka na kuziba tundu za mpira, jambo jema, au mpira umejikunja, umelaliwa, au umezibwa na damu iliyoganda. Nesi aanze kwa kuufuatilia mpira kutoka ubavuni hadi kwenye chupa. Nusu ya mara nimekuta mgonjwa ameukalia.

Mapovu ni hewa inayotoka. Kwa mtu mwenye hewa kifuani yanategemewa siku za mwanzo, hasa akikohoa, kisha yanapungua. Yakitoka mfululizo bila kukoma, au yakianza ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nayo, mwite nesi. Huenda kiungio kimelegea. Na mpira unaotoa mapovu usibanwe kamwe. Hewa ikikosa pa kutokea itajaa kifuani, itausukuma moyo upande wa pili, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Wengine wamezoea kuukamua mpira kwa vidole kama chuchu ya ng'ombe ili "uzibuke". Acheni. Unatengeneza mvuto mkali ndani na unaweza kuumiza pafu.

Nilimwaga chupa kwa sababu ilikuwa inanuka. Nimekosea?

Ndiyo, ila hujawa wa kwanza. Bibi mmoja aliamka alfajiri, akaona chupa ya mjukuu imejaa, akaipeleka chooni, akaiosha kwa sabuni, akairudisha inang'aa na haina hata tone la maji. Nia yake ilikuwa safi kuliko chupa. Kwanza mtoto alikaa muda ule wote na mlango wazi. Pili, hatukujua tena kimetoka kiasi gani.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua lini mpira utolewe. Tunaanza, tuseme, na mililita 500 za maji safi na tunabandika plasta kwenye usawa huo. Asubuhi chupa ikisoma 1,200, mgonjwa ametoa 700. Mimi mwenyewe nikiwa mgeni kazini nilisahau kubandika plasta, tukamwandikia mgonjwa nusu lita ambayo ilikuwa maji yetu. Daktari alinitazama tu. Sijasahau tena.

Jana zilitoka lita moja na nusu, halafu sista akaubana mpira. Mbona wasimalize?

Pafu lililokunjwa wiki nyingi likifunguliwa kwa kasi linaweza kuvuja maji ndani yake lenyewe, na mgonjwa akabanwa upya. Kwa hiyo maji mengi hutolewa kwa awamu: baada ya kama lita 1.5, au mapema zaidi mgonjwa akianza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua, tunapumzika saa kadhaa, kisha tunafungua tena. Kubana huku ni kwa maji, na hufanywa na mhudumu anayekaa akiangalia. Nimeshasema hapo juu kuhusu mapovu.

Damu ya ajali ni hadithi nyingine. Ikitoka lita 1.5 kwa mkupuo, au ikaendelea mililita 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, kuna mshipa unaovuja na mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji.

Anaweza kutembea? Kulalia upande wa mpira?

Atembee, na ni lazima. Chupa aishike mkononi chini ya kiuno, au aiweke kwenye ndoo ndogo na ndugu ambebee. Chooni aende mwenyewe kama ana nguvu. Kulala alale anavyopenda mradi haukunji mpira, ila akikaa nusu wima anapumua vizuri zaidi. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kumi, ashikilie kidogo, atoe taratibu. Ukimkumbatishia mto ubavuni, kukohoa kunauma kidogo.

Mpira ukichomoka, au chupa ikivunjika, na nesi yuko mbali?

Ukichomoka ubavuni: ziba tundu hapo hapo kwa kiganja au kitambaa safi, piga kelele uitwe msaada, usijaribu kuurudisha. Wakifika watabandika gauzi na plasta pande tatu, wa nne wauache wazi ili hewa itoke.

Chupa ikivunjika: tumbukiza ncha ya mpira kwenye chombo chochote chenye maji safi, kina cha sentimita chache, ukishushe chini ya kitanda, kisha ita. Chupa ikianguka tu bila kuvunjika, isimamishe, mwambie mgonjwa akohoe, toa taarifa.

Makohozi yake hayana TB. Mbona wamemwanzishia dawa za TB?

Kwa sababu kifua kikuu cha utando kinaishi nje ya pafu, na mara nyingi hakuna mdudu kwenye makohozi. Hata ndani ya maji yenyewe wadudu ni wachache, hivyo kipimo cha GeneXpert kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Daktari anaunganisha: homa za jioni, kupungua mwili, picha ya kifua, aina ya seli kwenye maji. Akiweza kupata kinyama cha utando kikapimwa, vizuri zaidi. Kipimo cha virusi vya UKIMWI nacho kitafanyika, maana magonjwa haya mawili hutembea pamoja. Usikione kama tusi.

Dawa ni za miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, minne ya dawa mbili. Hazilipiwi. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, usiogope. Mbege na pombe nyingine ziwekwe kando, maana dawa hizi zinalielemea ini. Macho yakiwa ya njano, rudi siku hiyo hiyo. Wagonjwa wagumu zaidi wa mkoa huu na jirani zetu hupelekwa Kibong'oto kule Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu huu.

Mume wangu ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite kule Mirerani. Pafu limepasuka mara mbili. Vumbi linahusika?

Inawezekana sana. Vumbi la mwamba ukiuchoronga lina silika, chembe ndogo zinazobaki kwenye pafu na kulitia makovu. Pafu lenye makovu linapasuka kirahisi, na linakaribisha kifua kikuu kuliko pafu la mtu mwingine. Mwambieni daktari amefanya kazi shimoni miaka mingapi, msingoje aulize. Hewa ikirudi mara ya pili upande ule ule, mpira unaweza usitoshe. Kuna njia ya kuzigundisha tando mbili, kwa unga wa talki au kwa upasuaji, pafu likose nafasi ya kusinyaa. Kurudi shimoni bila kumwaga maji kwenye mwamba na bila barakoa ya maana ni kuja kuonana nasi tena. Najua pia kwamba watoto wanakula kutokana na shimo hilo.

Mimi ni mpagazi. Nitapanda mlima lini?

Ulikuwa na hewa kifuani? Si mpaka picha ionyeshe pafu limefunguka lote na daktari akuruhusu, na usimfiche kazi yako. Hewa iliyofungiwa hutanuka kadri unavyopanda. Kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro ni karibu mita 3,700, na kileleni, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Kiputo kidogo ulichoshuka nacho salama mjini kinaweza kuwa kikubwa huko juu, ambako machela ndiyo gari la wagonjwa. Kwa ndege kutoka KIA, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau wiki moja baada ya picha kuonyesha hewa imekwisha. Basi la Dar halina shida. Na kuzamia baharini na mitungi, kwa aliyewahi kupata hewa kifuani bila kuumia, ni kuachana nako isipokuwa amefanyiwa upasuaji wa kuzuia isirudi.

Mwanangu ana nimonia, siku ya tatu ya sindano na homa haishuki.

Waulize kama amepigwa picha ya kifua au ultrasaundi. Mtoto anayeendelea na homa baada ya siku 2 hadi 3 za antibaiotiki sahihi, anapumua upande mmoja, au analalia ubavu mmoja tu, atazamwe kama ana usaha. Habari njema ni kwamba mapafu ya watoto husamehe. Nimewaona waliotoa usaha wa kutisha wakirudi kliniki baada ya miezi mitatu wanakimbizana kwenye benchi, na picha huwezi kuitofautisha na ya mtoto mwingine.

Ale nini?

Usaha na maji hayo yanatoka na protini ya mwili wake, kwa hiyo mtori wenye nyama, mayai, maharage, dagaa, maziwa. Mtori wa ndizi tupu unashibisha lakini haujengi.

Mpira unatolewa lini, na unauma?

Mapovu yakikoma, kinachotoka kikiwa chini ya mililita 200 kwa siku (wengine wanataka pungufu zaidi), na picha ikionyesha pafu limefunguka. Kwa hewa huwa siku chache. Kwa usaha wiki moja, mbili, au zaidi. Kutoa ni jambo la sekunde: anashikilia pumzi na kusukuma kama mtu aliye chooni, tunavuta, tunakaza uzi, tunafunika. Picha nyingine hufuata.

Tukimruhusu, nyuzi zitolewe baada ya siku kama 7. Akipata pumzi fupi ya ghafla, homa, au kidonda kikitoa usaha, asingoje tarehe ya kliniki. Kama tatizo ni gharama, muone ofisa wa ustawi wa jamii mapema, kabla ya siku ya kuruhusiwa. Akikuona bili ikiwa bado ndogo ana mengi zaidi ya kukufanyia.

Kovu litabaki?

Litabaki, urefu wa kama kucha mbili, chini ya kwapa. Akienda kutibiwa Arusha au popote, amwonyeshe daktari kabla ya kuulizwa, na picha za zamani abebe.